Njia ya Kwenda Uwanjani

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na vijana mliokuja jioni hii, asanteni kwa kuniitikia. Walioandaa mkutano huu waliniomba nizungumze juu ya kuishi mjini kwa raha. Ningeweza kuzungumzia bustani, maktaba au muziki, na vyote hivyo navipenda. Lakini kila nilipojiuliza ni kitu gani kilichonifanya niuite mji huu kwangu, jibu lilikuwa lile lile: timu yetu ya mpira. Si timu kubwa. Msimu uliopita tulimaliza katikati ya msimamo, na mara ya mwisho tulipobeba kombe, nusu ya mliomo ukumbini hamjazaliwa. Ndiyo timu nitakayoizungumzia.

Nilihamia hapa nikiwa simjui mtu. Kazi nilikuwa nayo, chumba nilikuwa nacho, ila kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi sikuwa na wa kumwambia neno. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu tangu nifike, nimelala chali natazama dari, nikasikia kelele. Haikuwa ya ugomvi wala ya ajali. Ilikuwa sauti moja ya watu wengi, ilipanda ghafla kama mvua kubwa inapolifikia bati, ikakaa kidogo, kisha ikashuka. Baada ya dakika chache ikaja tena. Nikavaa viatu, nikaifuata. Nilipofika zilikuwa zimebaki dakika ishirini mechi iishe. Mlinzi wa geti akanitazama, akasogea pembeni, akasema, "Ingia, ndugu yangu. Tunaongoza."

Tunaongoza. Hakunijua jina wala ninakotoka, na tayari alikuwa ameshanihesabu.

Nimelifikiria neno lile kwa miaka mingi, na naamini halikumtoka kwa bahati. Mpira wa klabu ulikulia mjini, kati ya watu wa aina yangu: waliofika kutafuta kazi na hawakuwa na ndugu wa karibu. Huko Uingereza, sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliagiza wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waache kazi saa nane mchana siku ya Jumamosi. Mashine haziendi bila wao, kwa hiyo wanaume nao wakatoka. Miaka ilivyokwenda, nusu siku ile ya mapumziko ikaenea kwenye kazi nyingine, na watu ambao hawakuwahi kuwa na muda wao wenyewe wakajikuta nao. Mechi za ligi ya Uingereza zilizoea kuanza saa tisa alasiri kwa sababu hiyo: unatoka kazini saa nane, unatembea hadi uwanjani, unamkuta refa ndiyo anaingia.

Tazameni pia klabu zilivyoanza. Manchester United ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath. Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Everton ilitoka kanisani. West Ham ilitoka kwa wajenzi wa meli kando ya mto Thames. Hizi ambazo leo zinafuatwa dunia nzima zilikuwa timu za jirani na jirani. Huko Buenos Aires, Boca Juniors walijiita kwa jina la mtaa wao wa bandarini mwaka 1905. Kwetu waongeaji wa Kiswahili, nani asiyejua kwamba ukitaja Msimbazi umeitaja Simba, na ukitaja Jangwani umeitaja Yanga? Mtaa umekuwa jina la timu, na timu imekuwa jina la mtaa.

Sasa niwaambie nilichojifunza, na sikukijifunza vitabuni.

Kushoto kwangu, mstari wa saba, jukwaa la mashariki, alikuwa akikaa mzee mmoja. Kila mechi alikuja na redio ndogo ya betri. Kifuniko cha nyuma kilishapotea, na betri alizibana kwa mpira wa kufungia noti uliozungushwa mara tatu. Aliishikiza redio ile sikioni dakika zote tisini, akifuatilia mechi za viwanja vingine huku macho yakiwa kwenye yetu. Akinyoosha vidole viwili juu bila kusema neno, mistari mitano nyuma yake walijua wapinzani wetu kwenye msimamo wameshafungwa mawili, na minong'ono ikapita jukwaani kama upepo kwenye majani. Wiki tatu za kwanza hakunisemesha. Ya nne, beki wetu wa kushoto alipopitwa kwa mara ya pili upande ule ule, akanigeukia: "Mwanangu, huyu anatazama mpira. Beki hatazami mpira, anatazama kiuno cha mtu." Tangu siku ile tukawa tunaondoka pamoja.

Mzee yule alikuwa amefanya kazi miaka thelathini ya kutandaza mabomba ya maji ya mji huu. Njiani kurudi nyumbani alikuwa akisimama ghafla, anagonga lami kwa kisigino, na kusema, "Chini ya miguu yako kuna mto." Ulifunikwa zamani, kabla yeye hajaajiriwa, ukapitishwa kwenye handaki. "Ndiyo maana barabara hii imepinda. Inafuata maji." Mimi nilikuwa nimeipita barabara ile kila siku, asubuhi na jioni, dirisha la basi likiwa usoni mwangu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini imepinda. Alinionyesha ukuta wenye alama ya mafuriko. Alinionyesha kiwanja ambacho timu yetu ilichezea kabla ya uwanja wa sasa kujengwa, na pale lilipokuwa goli la kaskazini pana mti uliopandwa makusudi. Tulikuwa tukienda polepole kwa sababu ya goti lake. Njia ya dakika ishirini ilituchukua saa nzima, na katika saa zile, msimu baada ya msimu, ndipo nilipoujua mji.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la kawaida sana. Nendeni uwanjani kwa miguu. Kama ni mbali, shukeni kituo kimoja au viwili kabla. Siku ya mechi mji huwa na mishipa ambayo siku nyingine huioni: mtu mmoja mwenye jezi anatoka kwenye uchochoro, wawili wanatoka kwenye ngazi za ghorofa, baba na binti yake wanavuka, na kabla hujajua mko mia mbili mnaelekea upande mmoja, na hakuna anayeuliza njia. Ukipita kwa gari umekosa nusu ya mechi.

Najua wengi wenu mna timu za mbali. Mnazitazama kwenye televisheni, mnajua majina ya wachezaji wa akiba, na zikifungwa hamlali. Siwaombi muache. Mapenzi hayo ni ya kweli, na uhodari wa wachezaji wale ni wa kutazamwa. Ninachosema ni kwamba timu ya mbali haiwezi kukujua. Uwanjani kwetu, watu elfu tatu wakijaa, winga akiwa anakimbia kwenye mstari anasikia sauti ya mtu mmoja mmoja. Nimemwona kipa wetu akigeuka kumwitikia kwa mkono mtoto aliyemwita jina. Na kuna jambo la fedha pia, tusilikwepe: klabu kubwa zinaishi kwa haki za matangazo na wadhamini, ila klabu ndogo inaishi kwa viingilio. Tiketi yako kwa timu ya mbali ni tone baharini. Hapa ni nauli ya wachezaji kwenda mechi ya ugenini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi na tuwatunze wanaocheza kwetu.

Mtaniambia timu yetu inafungwa. Inafungwa, ni kweli. Nimekaa kwenye mvua nikitazama tukichapwa manne, na dakika ya themanini hakuna aliyekuwa na cha kuimba. Lakini hebu niwapeleke Berlin kidogo, maana kuna klabu kule ambayo kila nikichoka na timu yetu huikumbuka.

Inaitwa Union Berlin. Mwaka 2004 ilikuwa taabani kifedha, na Ujerumani mtu anayetoa damu huweza kulipwa kiasi kidogo. Mashabiki wakaenda kutoa damu, na malipo wakayakabidhi klabu. Miaka minne baadaye uwanja wao ulikuwa umechakaa mno na fedha za ukarabati hazikutosha. Mashabiki zaidi ya 2,000 wakajitolea kazi ya ujenzi, jumla ya saa 140,000 hivi kati ya mwaka 2008 na 2009. Hebu fikirieni mtu anaingia uwanjani anakanyaga ngazi ambayo zege lake alilichanganya mwenyewe. Wakati wa Kombe la Dunia la 2014 klabu iliwaambia watu walete makochi yao ya nyumbani, wakayapanga katikati ya uwanja, mamia ya makochi, wakatazama mechi pamoja kama wako sebuleni.

Mwaka 2019 Union walipanda ligi kuu ya Ujerumani kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mechi ya kwanza nyumbani, mashabiki walikuja na picha kubwa za wenzao waliokwisha kufariki, wale waliokaa majukwaani miaka yote ya dhiki na hawakuifikia siku ile. Wakazinyanyua juu. Sura za marehemu zikajaa majukwaani pamoja na walio hai. Na mechi yenyewe? Walifungwa manne bila. Mimi sijui siku ya mpira iliyo kubwa kuliko ile, na matokeo yake ni 4–0 dhidi yao.

Wimbledon, klabu ya London, nao nitawataja, kwa ajili ya wale wanaodhani timu ni mali ya mwenye hati. Klabu ile iliwahi kuifunga Liverpool fainali ya Kombe la FA mwaka 1988. Mwaka 1991 ikauhama uwanja wake wa Plough Lane, ikawa inachezea kwenye uwanja wa wenzake. Mwaka 2002 wenye klabu wakaruhusiwa kuihamishia Milton Keynes, takriban kilomita 90 kutoka ilipozaliwa. Mashabiki hawakuifuata. Majira yale yale ya joto walianzisha klabu mpya, AFC Wimbledon, wakaitisha majaribio ya wachezaji kwenye uwanda wa wazi wa mji wao, wakajitokeza watu 230. Wakaanzia madaraja ya chini ya ridhaa. Katika miaka tisa walipanda madaraja matano, na mwaka 2011 wakarudi kwenye ligi za kulipwa. Mnamo Novemba 2020 wakacheza mechi ya kwanza kwenye uwanja mpya, barabara ile ile ya Plough Lane, hatua chache kutoka ulipokuwa wa zamani. Mechi ile haikuwa na watazamaji kwa sababu ya korona. Miaka 29 ya kusubiri kurudi nyumbani, na siku yenyewe wakaitazama kwenye skrini. Sikumjua hata mmoja wao, na niliwalilia.

Wapo waliopoteza. Bury, klabu ya Uingereza ya tangu mwaka 1885, ilifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019 kwa sababu ya madeni, na mji ukaamka Jumamosi bila mechi. Nafikiri sana kuhusu Jumamosi ile: watu waliozoea kukutana miaka arobaini bila kupeana namba za simu, kwa kuwa hawakuwahi kuzihitaji. Walijua watakutana. Ni miaka minne baadaye ndipo watu wa mji ule walipoungana tena chini ya jina la zamani na kurudi kwenye uwanja wao. Sisi tunayo timu yetu leo, na majukwaa yana nafasi.

Katika hayo yote sitaki muone huzuni tu. Mwaka 2024 Athletic Bilbao, klabu inayotumia wachezaji wa asili ya Kibaski, jamii ya kaskazini mwa Hispania, au waliolelewa kisoka kule, ilibeba Kombe la Mfalme la Hispania kwa mara ya kwanza tangu 1984. Miaka arobaini. Wachezaji walipandishwa kwenye tishari, wakaupita mto wa mji wao taratibu, na kingo zote mbili zilijaa mamia ya maelfu ya watu. Wapo waliokuwa watoto mabegani mwa baba zao mara ya mwisho tishari lile lilipopita, na sasa walikuwa na watoto wao. Mto ule zamani ulikuwa njia ya mizigo. Siku ile ulikuwa sebule.

Nina neno pia kwa timu yetu ya wanawake, inayocheza Jumapili mbele ya watu mia moja, siku nyingine sitini. Msidhani uchache huo ndiyo ulivyokuwa siku zote. Tarehe 26 Desemba 1920, mechi ya timu ya wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr ilivuta watu 53,000 kwenye uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool. Mwaka uliofuata chama cha soka cha Uingereza kikawapiga marufuku kucheza kwenye viwanja vya klabu zake, na marufuku ile ilidumu karibu nusu karne. Watu hawakuacha kuja kwa kuchoka na mchezo, walifungiwa mlango. Mlango ulipofunguliwa kweli kweli, tuliona: Aprili 2022 watu 91,648 waliingia Camp Nou kuitazama Barcelona ya wanawake ikicheza na Wolfsburg. Nahodha wetu ana pasi ndefu ya mguu wa kushoto ambayo wanaume wetu wote kumi na mmoja hawana. Nendeni mkaione. Ukikaa karibu na benchi utamsikia akiwapanga wenzake, jina kwa jina, dakika zote tisini.

Kuna jambo moja linalonikera, na nisipolisema leo sitakuwa mkweli. Matusi. Baadhi yetu wakishavaa jezi wanadhani wamepewa ruhusa ya kumtukana mama wa refa, rangi ya mpinzani, kabila la mlinda mlango. Mtani wa jadi ni mtani; tunamzomea, tunamwimbia, tukimfunga tunamkumbusha mwaka mzima. Lakini nimemwona mama akimshika mtoto wake mkono na kuondoka kabla ya mapumziko, na jukwaa zima tulinyamaza, mimi nikiwemo. Nilipaswa kusimama. Tangu siku ile nasimama, na nimegundua kwamba mtu mmoja akisimama, wa pili hachelewi.

Kwa vijana ambao hamjawahi kuja, hamhitaji kujua mengi. Sheria ya kuotea mtaielewa mbele ya safari. Fikeni mapema, mapema sana, wakati wachezaji wanapasha misuli na mchora mistari anapita na chokaa yake akirudi kinyumenyume ili asiikanyage. Chagueni sehemu moja na mrudi hapo hapo kila mechi, maana urafiki wa uwanjani huota mahali pamoja. Msitoke kabla ya kipenga cha mwisho hata kama tumepigwa. Mpira unadunda, na mabao mawili bora niliyowahi kuyaona uwanjani kwetu yalifungwa wakati nusu ya watu wako kwenye kituo cha basi.

Yule mzee wa redio hawezi tena kutembea hadi uwanjani; goti limekataa kabisa. Kiti chake kina mtu mwingine sasa, kijana mpole anayekula kucha tukipigiwa kona. Mechi ikiisha mimi bado nashika njia ile ile, juu ya mto uliofunikwa, nageuka kwenye ule mti, nabisha hodi. Namkuta amekaa mlangoni, redio mapajani, bado imebanwa kwa mpira wa noti. Matokeo ameshayasikia. Mfungaji anamjua, dakika anaijua, kadi za njano anazijua kuliko mimi. Ananiangalia nikivua viatu, na swali lake huwa moja kila wiki: "Watu walikuwa wengi?"

Jumamosi iliyopita nilimjibu kwamba majukwaa yalikuwa nusu. Akatikisa kichwa, akazima redio.

Jumamosi hii tunacheza saa kumi. Geti la mashariki linafunguliwa saa nane.